SOMO: Paka Mgonjwa na Mwenye Kuamua



Somo letu la safari hii ni juu ya paka. Tunajua wapo watakaocheka, na wapo watakaouliza kama tumekosa neno la kuandika. Lakini ninyi mliohudhuria kile kikao cha Halmashauri ya Mtaa kilichokwenda mpaka taa zikawashwa, mnajua kwamba neno hili lilitugawa kuliko hata neno la mabati. Na baada ya kikao wengi walitujia usiku, mmoja mmoja, kama Nikodemo, wakasema, "Hata mimi nyumbani nina mnyama anaumwa, nimeona haya kuuliza." Basi tunawaandikia hao.

Paka mwenyewe alikuwa Pamba, jike mweupe wa stoo yetu, mle tunamoweka mahindi na maharage ya sikukuu ya mavuno. Aliletwa akiwa mdogo ndani ya kikapu kutoka mwalo wa Kibirizi, na kwa miaka tisa tulisahau habari za panya. Alipenda migebuka kuliko dagaa, na asubuhi alipomaliza kazi yake alipanda juu ya ukuta wa uani akalala pale juani mchana kutwa, macho yamefumba. Watoto wa Shule ya Jumapili walimpenda. Mama mmoja wa Umoja wa Mama, mjane anayekaa nyumba ya jirani na stoo, alimpenda zaidi ya wote, na ndiye aliyemlisha.

Mwaka huo, katikati ya kiangazi, mama huyu aliona ukingo wa sikio la kushoto umekuwa mwekundu na una gamba. Tukasema amepigana. Tukampaka ile dawa ya zambarau, gamba likakauka, likabanduka, damu ikatoka kidogo, gamba likarudi. Tukapaka tena. Tuliendelea hivyo miezi mitatu. Hapa tulikosea, na tunaliandika wazi ili wengine wasilirudie. Kidonda cha ugomvi hupona kwa wiki mbili au tatu. Kidonda kinachotoa gamba mahali palepale mwezi hata mwezi, na kila gamba likitoka pamechimbika zaidi, hicho kina jambo jingine.

Daktari wa mifugo alipomwona alimgeuza masikio kwenye mwanga, akatuuliza swali moja tu: "Analala wapi mchana?"

Alitueleza hivi. Paka mweupe hana rangi katika ngozi yake ya kumkinga na jua. Na pale manyoya yalipo machache, yaani kwenye ncha za masikio, kope za macho na pua, jua humchoma moja kwa moja. Jua la siku moja halina neno, lakini jua la miaka mingi huiharibu ngozi mpaka inaanza kuota vibaya, nayo ndiyo saratani. Sisi wa Kigoma tuko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, na ukuta wetu hauna kivuli. Saratani ya namna hii haina haraka ya kusambaa mwilini. Kazi yake ni kula pale ilipo: kwanza ukingo wa sikio, halafu sikio zima. Kwa hiyo, ikiwa iko sikioni tu, daktari anaweza kulikata sikio kupita pale ugonjwa ulipoishia mpaka kwenye nyama nzima, na paka wengi waliokatwa hivyo mapema wameishi miaka. Ikiwa puani, kazi ni ngumu, maana pua haina nyama ya ziada ya kukata. Huko ng'ambo wenye hospitali kubwa za wanyama huiunguza kwa mionzi au kuigandisha kwa baridi kali ingali ndogo. Na ikiwa ndani ya kinywa, kwa paka wengi hakuna la maana linalowezekana, na siku zilizobaki huhesabika kwa miezi michache.

Kwa kuwa wengine wana paka wa rangi nyingine, tuseme pia habari ya uvimbe wa chuchu. Katika paka, vivimbe vya chuchu vinane au tisa kati ya kumi huwa saratani, si kama kwa mbwa ambaye karibu nusu ya vivimbe vyake havina hatari. Uvimbe mdogo kama punje ya harage ukikatwa upesi, kuna matumaini. Ukiachwa ufike ukubwa wa limau, umechelewa. Paka jike aliyefungwa kizazi mapema, kabla ya kupata joto la kwanza, ni nadra sana kuupata ugonjwa huo.

Hata hivyo si kila uvimbe ni saratani, na sisi watu wa Kigoma tunao ushuhuda wetu. Wengi mmefika Gombe, au angalau mmeiona milima yake mkiwa ndani ya boti kutoka Kibirizi. Bi Jane Goodall, aliyefika pale tarehe 14 Julai 1960 akiwa pamoja na mama yake, na ambaye alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, aliandika habari za sokwe jike aliyeitwa Gilka. Gilka alianza kuvimba pua. Uvimbe ukakua mpaka sura yake ikaharibika, na mtu yeyote angesema hii ni saratani, basi. Lakini walimlaza kwa dawa, wakakata kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwa, kikaonekana ni ugonjwa wa kuvu. Wakamtilia dawa ndani ya ndizi. Kama wangeamua kwa macho tu, wangeamua vibaya. Ndiyo maana daktari wetu naye hakukata neno kwa kutazama. Alichukua kipande cha ukingo wa sikio, akakituma kupimwa, na jibu lilipokuja lilikuwa saratani kweli. Sikio la kulia nalo lilikuwa linaanza.

Sasa twende kwenye kikao. Kukata masikio mawili, pamoja na nusukaputi na dawa za baadaye, kulikaribia thamani ya gunia la mahindi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu tunayemheshimu, alisimama akasema, "Juzi tumechangia nauli ya ndugu yetu kwenda Bugando kwa ugonjwa huuhuu, na hatukufikia kiasi kilichotakiwa. Mwingine yuko Ocean Road, Dar es Salaam, na watoto wake wanakula kwa majirani. Leo tunakaa hapa kuhesabu fedha za paka?" Chumba kizima kilinyamaza. Tunakiri kwamba hatukuwa na jibu, na hata sasa tunaona kwamba mzee alisema haki. Mtu akituambia kwamba mnyama na mwanadamu ni sawa, hatukubaliani naye.

Aliyejibu ni yule mjane. Alituomba tusome Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 12, habari ya Nathani na Daudi na yule maskini mwenye kondoo mmoja. Tuliijua, tumeihubiri mara nyingi juu ya dhambi ya Daudi. Yeye akatuonyesha kitu ambacho hatukuwahi kukitazama. Yule maskini alikuwa na watoto, na kondoo alikua pamoja nao, lakini chakula alichopewa kilitoka katika tonge la maskini mwenyewe. Hatusomi kwamba watoto walinyang'anywa. "Basi," akasema, "siombi sadaka ya mtaa. Nitatoa katika tonge langu. Nawaombeni ruhusa tu, maana paka ni wa kanisa."

Ndipo Halmashauri ikaamua kwamba fedha ya sadaka isiguswe, na mtu anayempenda Pamba atoe chake mwenyewe. Ilikatwa pia kwamba mchango wa ndugu yetu wa Bugando utangazwe tena Jumapili ile ile, na ulitimia. Mjane alitoa sehemu kubwa, vijana wa kwaya wakaongeza. Mzee hakutoa, wala hakununa.

(Kwa njia, mtu alituuliza kama paka ametajwa katika Biblia. Katika vitabu 66 hayumo wa kufugwa. Yumo katika Waraka wa Yeremia, ule wa Apokrifa, na pale amekaa juu ya sanamu za miungu ya Babeli pamoja na popo na ndege, jambo ambalo kila mwenye paka ataliamini bila shida.)

Fedha ilipopatikana tulidhani neno limekwisha, kumbe lilikuwa bado. Daktari alitukalisha akatuambia kwamba kuwa na fedha hakutoshi kuamua. Mtu mwenye saratani huambiwa: dawa hii itakutapisha, utakonda, utalala kitandani miezi mitatu, kisha tunatumaini utainuka. Naye hukubali, huvumilia, kwa sababu anajua kwa nini anaumia. Paka hajui. Hakuna namna ya kumweleza kwamba maumivu ya leo ni kwa ajili ya mwaka ujao. Kwake leo ni leo. Kwa hiyo katika nchi zenye madaktari wengi wa wanyama, hata wanapompa paka dawa kali za saratani, kwa mfano ile saratani ya matezi iitwayo limfoma, humpa kwa kipimo cha chini kuliko cha binadamu, na shabaha yao kwa kawaida ni miezi mizuri, si kumponya kwa gharama yoyote ya mateso. Dawa ikimfanya asile wala asijilambe, huipunguza au huiacha.

Basi tukamwuliza daktari: je, kukata kutaondoa ugonjwa, au kutauchelewesha tu? Pamba atapata siku ngapi mbaya kwa ajili hiyo? Na tusipofanya lolote, mwisho wake utakuwaje? Akajibu bila kuficha. Kama ukingo mzima utakatwa vema, huenda masikioni pasirudi tena. Siku mbaya zitakuwa kama kumi, labda wiki mbili. Na tukiacha, masikio yataoza akiwa hai, nzi watataga, na ataishi hivyo miezi mingi kwa kuwa ugonjwa huu hauui upesi. Kwa majibu hayo hatukuhitaji kikao kingine. Pamba alikatwa masikio yote mawili siku ya Jumatano, na Jumapili iliyofuata alikuwa mlangoni mwa stoo, kichwa mviringo kama bundi, watoto wakimcheka naye asijue kwa nini.

Tuingize onyo hapa, maana nusura tumuue kwa huruma. Kijana mmoja wa kwaya, kwa kumwonea paka uchungu, alileta nusu kidonge cha Panadol akitaka kukisaga ndani ya samaki. Bahati njema mjane alikuwa ameshaonywa. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile kama letu. Kidonge kimoja chaweza kumuua: ufizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, uso huvimba, pumzi hukatika. Aspirini nayo ni hatari kwake, na dawa nyingine nyingi za maumivu za binadamu ni vivyo hivyo. Paka akiumwa, dawa itoke kwa daktari wa mifugo, au asipewe kabisa.

Baada ya hapo mjane alianza kumfungia ndani tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, naye akalalamika mlangoni kama mfungwa. Aliishi miezi kumi na minne, akinenepa na kukamata panya. Halafu gamba likaonekana puani.

Safari hii majibu kwa maswali yaleyale yalikuwa mengine kabisa. Daktari alisema ugonjwa umeshaingia ndani ya pua. Hapa Kigoma hana la kumfanyia. Katika chuo cha madaktari wa mifugo cha Sokoine kule Morogoro wapo wataalamu, lakini hata huko mkono wa mtu ungeweza kufanya jambo moja tu, kuiondoa pua yote. Mjane alisema atakwenda. Reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 1,250, na Morogoro ni sehemu kubwa ya njia hiyo. Alikuwa tayari kuuza cherehani. Tukamwuliza, kwa upole kadiri tulivyoweza, kwamba safari ile ndani ya kikapu, na kukatwa, na kurudi, itakuwa kwa ajili ya Pamba au kwa ajili yake yeye? Alikasirika. Kwa wiki nzima hakutusalimia, na tuliona kwamba tumesema mapema mno, au labda hatukuwa sisi wa kusema.

Baadaye tulimpelekea habari nyingine ya Gombe, bila kuifafanua. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, uliokuwa umewapata watu wa sehemu zetu hizi, uliwaingia pia sokwe. Bi Goodall na wenzake waliagiza chanjo ya matone kutoka Nairobi, wakaitia ndani ya ndizi, wakawalisha. Baadhi ya sokwe walikufa, wengine wakabaki na ulemavu, kama Faben aliyepoteza nguvu za mkono mmoja. Alikuwapo sokwe mzee waliyemwita Mr. McGregor. Yeye alipooza miguu yote miwili. Alijiburuta kwa mikono, nzi wakimfuata kama wingu, na sokwe wenzake waliogopa sura yake wakamkimbia, isipokuwa mmoja aitwaye Humphrey, aliyekaa karibu naye na kumtetea. Watu wale walimlisha, walimnywesha maji, walimletea matawi ya kulalia. Hawakumwacha porini eti kwa sababu ni mnyama wa porini, na wengine waliwalaumu kwa hilo. Walimtunza hivyo kwa siku kadhaa, mpaka aliponyofoka bega na hata kujiburuta kukashindikana. Hapo waliomlisha jana yake walijua kesho yake itakuwa nini. Wakampiga risasi. Humphrey aliendelea kurudi mahali pale kwa miezi.

Tunachokiona katika habari ile ni kwamba mikono iliyomnywesha maji ndiyo iliyomaliza mateso yake. Hawakubadili nia yao kwake kati ya siku ya kwanza na ya mwisho. Kilichobadilika ni hali yake. Mithali 12:10 husemwa kanisani kana kwamba inahusu kumpa ng'ombe majani tu, lakini maneno yale yanamtaka mwenye haki ajue hali ya mnyama wake, na kujua hali ni pamoja na kujua imefika wapi. Sheria ya nchi nayo, ile ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Na kumwachilia ateseke polepole kwa kuwa sisi hatuwezi kuagana naye ni mateso ya namna hiyo pia, ingawa hakuna askari atakayekuja kumkamata mtu kwa ajili yake.

Hatukumwambia mjane hayo ya aya hii. Tulimsimulia habari ya Gombe tu, tukaondoka.

Yeye ndiye aliyekuwa akimwona kila siku. Alituambia baadaye alivyohesabu. Pamba alipoacha kuwinda, alisema ni uzee. Alipoacha kujilamba na manyoya yakawa machafu, alianza kuwa na wasiwasi. Siku alipowekewa mgebuka mbichi, akaunusa, akageuza uso kwa sababu ya maumivu ya pua, kisha akaenda kujificha nyuma ya magunia mahali ambapo hajawahi kulala, mama alituma mtoto kwa daktari. Ilikuwa Jumanne. Daktari alikuja jioni. Alimpa kwanza sindano ya usingizi, akiwa juu ya khanga mapajani mwa mama, na alipokwisha kulala kabisa akampa nusukaputi ya kupita kiasi katika mshipa. Haikuchukua dakika tano. Tuliouliza kama paka alisikia uchungu tulijibiwa kwamba alisikia sindano moja, kama ile ya chanjo.

Wasomaji watatuuliza kama ni halali kwa Mkristo. Tunajibu kwamba kwa mwanadamu hatuna ruhusa hiyo na hatuitafuti. Mnyama tumekabidhiwa kwa namna nyingine, na anayekabidhiwa kitu hukabidhiwa pamoja na maamuzi yake machungu. Wapo Wakristo wema wasiokubali, na mmoja wao yuko katika Halmashauri yetu. Yeye husema ni afadhali mnyama apewe mahali pa kivuli, maji na chakula laini, dawa ya maumivu kutoka kwa daktari, akaachwa aende mwenyewe. Kwa mnyama anayezimika polepole bila maumivu makali, tunaona anasema vema. Kwa Pamba tusingeweza.

Yule mzee aliyepinga kikaoni ndiye aliyekuja na jembe asubuhi kuchimba shimo chini ya mwembe. Hakusema kitu mpaka alipomaliza kusawazisha udongo. Kisha akauliza ni nani sasa atakayelinda mahindi, na Jumapili hiyo akaja na paka mdogo wa milia ndani ya mfuko wa saruji. Daktari amesema rangi ile haisumbuliwi sana na jua. Hata hivyo mjane humfungia ndani kuanzia saa nne hadi saa kumi.